Kickshaw: neno moja la Kiingereza linalodharau sahani na pambo

Swali la msomaji: "Natafsiri insha za Kiingereza za zamani. Mahali pamoja mwandishi analalamika kwamba alialikwa chakula, akaletewa 'kickshaws' tupu, akainuka mezani na njaa yake. Kurasa chache mbele anasema nyumba ya jirani yake imejaa 'kickshaws' juu ya kila rafu. Kamusi yangu ndogo inasema tu kwamba ni kitu kidogo kisicho na thamani. Je, hili ni neno moja au ni mawili yanayofanana? Ni umoja au wingi? Nitalitafsiri vipi, na je, mimi mwenyewe naweza kulitumia ninapoandika Kiingereza?"

Jibu

Ni neno moja, lenye maana mbili zinazoendelea kuishi na ya tatu iliyokwisha kufa, na zote tatu zimechipuka katika shina moja. Maana ya kwanza ni chakula: sahani ndogo iliyopikwa kwa ufundi mwingi na kupambwa sana, ambayo msemaji anaiona inapendeza macho kuliko inavyoshibisha tumbo. Ya pili ni kitu cha kuwekwa au kuvaliwa: pambo, kichezeo au kikorokoro kinachovutia jicho lakini hakina kazi. Ya tatu, ambayo utaikuta zaidi katika maandishi ya karne ya 17, ni mtu mwenye maringo na mambo ya kuiga, asiye na uzito wowote. Kamusi yako haikukosea, ila imekupa nusu ya habari, na nusu iliyoachwa ndiyo unayoihitaji zaidi katika kazi yako. Neno hili halitaji aina fulani ya kitu kama "kijiko" au "mkufu" yanavyotaja. Linatoa hukumu ya msemaji juu ya kitu. Sahani ileile inaweza kuwa fahari ya mpishi aliyeiandaa na ikawa "kickshaw" kwa mgeni aliyetaraji pande la nyama. Kwa hiyo kila unapokutana nalo, kabla hujauliza kitu chenyewe ni kipi, uliza ni nani anayekidharau na anakidharau kwa lipi.

Asili yake ni Kifaransa, katika maneno mawili "quelque chose", ambayo maana yake ni "kitu fulani" tu, bila sifa wala kebehi. Katika mazungumzo ya kawaida ya Wafaransa wa zama zile sauti ya "l" ndani ya "quelque" ilikuwa ikiachwa, hivyo sikio la Mwingereza lilipokea kitu kinachokaribia "kek-shoz". Ndiyo sababu tahajia za mwanzo zinayumba mno: wako walioandika Kifaransa kamili, wako walioandika "kekshose", wengine "kickshoes", na mwishowe "kickshaws" ikawashinda wenzake wote. Anayelitazama leo bila kujua historia hiyo atashawishika kuona ndani yake neno la Kiingereza la teke, na katika tahajia nyingine hata la viatu, lakini yote mawili hayahusiki kabisa. Ni sauti ya kigeni iliyovikwa silabi ambazo wenyeji walizizoea.

Ushahidi mmoja unanipendeza kuliko mwingine wote kuhusu safari hiyo ya sauti. Katika tamthilia ya John Dryden iliyochezwa London mwaka 1678, mhusika mmoja anataja "quelque chose" ya kipumbavu ya Kifaransa, na mwenzake anamdaka hapohapo akishangaa ukubwa wa ujinga wake, kisha anamsahihisha: alikusudia kusema "kekshose". Watazamaji walicheka kwa sababu aliyesahihishwa ndiye aliyesema Kifaransa sawasawa. Kufikia wakati huo, basi, umbo lililoharibika lilikuwa limekuwa Kiingereza halali kiasi kwamba asili yake ingeweza kuchezewa kana kwamba ndiyo kosa.

Kwamba maneno yenye maana ya "kitu fulani" yaligeuka kuwa jina la chakula si jambo la kushangaza. Mpishi anapochanganya vitu vingi katika chombo kimoja, matokeo yake mara nyingi hayana jina. Gervase Markham, katika kitabu chake cha mafunzo kwa mama wa nyumbani wa Kiingereza kilichotoka mwaka 1615, anatoa maelekezo ya kupika "quelquechose", na anaieleza wazi kuwa ni mchanganyiko wa vitu vingi pamoja: mayai yaliyopigwa na krimu, zabibu kavu, mdalasini, karafuu, tangawizi kidogo, spinachi na maua yaliyokatwakatwa, kisha vipande vya miguu ya nguruwe, vyote vikikaangwa kwa siagi. Markham hadharau hata kidogo. Kwake hii ni sahani kama nyingine, na mwanamke anayejua kazi ya jikoni anapaswa kuiweza. Vitabu vya upishi vya miongo iliyofuata navyo vilikuwa na maelekezo ya kutengeneza "kickshaws" za unga uliokandwa na kujazwa vitu ndani, za kukaanga au kuoka kwa umbo lolote alipendalo mpishi. Nayasisitiza haya kwa sababu ni rahisi kudhani kwamba dharau ilizaliwa pamoja na neno. Kwa watu wa jikoni lilikuwa istilahi ya kazi, na ukikutana nalo ndani ya maelekezo ya mapishi ya karne ya 17, usilitie kejeli ambayo mwandishi hakuiweka.

Dharau ilitoka kwa walaji. Mwingereza wa zama zile alijivunia pande kubwa la nyama lililochomwa mbele ya moto, ambalo kila aliyeketi mezani aliona ni la mnyama gani na limekatwa sehemu gani ya mwili wake. Upishi wa Kifaransa, uliopendwa na matajiri na watu wa jumba la mfalme, ulikata nyama vipande vidogo, ukaitokosa na kuifunika kwa mchuzi mzito, na hapo shaka ikaingia: kuna nini chini ya mchuzi huu? Nyuma ya shaka hiyo kulikuwa na mambo makubwa kuliko chakula. Uingereza na Ufaransa zilikuwa mahasimu wa muda mrefu, zilitofautiana kwa dini baada ya Waingereza kuachana na Kanisa la Roma, na kila mtindo mpya wa nguo, wa kucheza dansi au wa kusalimiana ulioletwa kutoka Paris uliwaudhi waliouona kuwa dalili ya taifa kupoteza uthabiti wake. Katika hali hiyo "kitu fulani" kikageuka mdomoni mwa mlaji kuwa "kitu gani hiki?", na jina lililokuwa la kueleza likawa la kulaumu. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake mwaka 1755 aliiweka hali hiyo kwa maneno machache: "kickshaw" ni sahani iliyobadilishwa na upishi kiasi kwamba ni shida kuitambua. Maana nyingine aliyoitoa ni ya kitu kisicho cha kawaida, cha mawazo ya ajabuajabu, cha kuchekesha. Utaona kwamba Johnson hasemi chakula hicho ni kibaya mdomoni. Kosa la chakula hicho ni kwamba kimeficha kilivyokuwa.

William Shakespeare anatuonyesha maana ya chakula na ile ya upuuzi, katika tamthilia zilizoandikwa miaka michache tu kutoka moja hadi nyingine. Katika sehemu ya pili ya Henry IV, iliyochapishwa mwaka 1600, hakimu mzee wa kijijini anampokea Falstaff nyumbani kwake na kumwagiza mtumishi aende kwa mpishi: njiwa kadhaa, kuku wawili wa miguu mifupi, pande la nyama ya kondoo, na "kickshaws" zozote ndogondogo nzuri. Hapa kejeli haipo kabisa. Mzee anataka kumkirimu mgeni wake, na vyakula hivyo vidogo vinakuja baada ya vile vizito, kama nyongeza ya kuipamba meza. Katika Twelfth Night, iliyochezwa London mapema mwaka 1602, hali ni nyingine. Sir Andrew anajisifu kwamba anapenda dansi na michezo ya kujifunika nyuso, na Sir Toby anamuuliza kama ni hodari katika "kickshawses" hizo. Hakuna chakula popote katika mazungumzo hayo; neno limekwisha kuhamia kwenye mambo ya kupoteza wakati, na swali la Sir Toby, ingawa linaonekana kuwa la heshima, linamdhihaki mwenzake. Ningekuwa nikilitafsiri swali hilo ningeandika, "Je, unaviweza vijimambo hivi, bwana?" kwa kuwa "vijimambo" inabeba udogo na dharau bila kuhitaji maelezo.

Maana ya mtu tunaipata kwa John Milton. Katika risala yake fupi kuhusu elimu, ya mwaka 1644, anatumaini kwamba vijana wa Kiingereza wakilelewa vizuri kwao hapatakuwa na haja ya kuwakabidhi kwa mabwana wa Paris, ambao huwapokea vijana wenye matumaini na kuwarudisha wamegeuka waigaji, nyani na "kickshaws". Sentensi hiyo ni muhimu kwako kwa sababu inaonyesha jinsi lawama iliyokuwa ya sahani ilivyoweza kumfuata mtu aliyekula sahani hiyo: kijana aliyepambwa kwa adabu za kigeni ni kama nyama iliyofunikwa mchuzi, na wa nyumbani kwake hawamtambui tena.

Sasa umoja na wingi. Mwanzoni "kickshaws" ilikuwa umoja, kwa kuwa sauti ya mwisho ilikuwa ya neno la Kifaransa lenyewe. Ndiyo maana Sir Toby anatumia "kickshawses", ambayo kwa wakati wake ulikuwa wingi wa kawaida ingawa leo unaonekana kama wingi uliorudiwa mara mbili. Lakini Mwingereza anaposikia jina linaloishia kwa sauti hiyo, sikio lake humwambia kuwa ni wingi, na hivyo katika karne ya 17 watu wakaiondoa na kupata umoja mpya, "kickshaw", ambao haukuwahi kuwapo katika Kifaransa. Majina ya Kiingereza ya njegere na ya tunda la cheri yalipata umoja wake kwa njia hiyohiyo. Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kushangazwa na jambo hili, maana lugha yetu imelifanya mara nyingi. Tulipokea "kitabu" kutoka Kiarabu, tukaiona "ki-" ya mwanzo kuwa kiambishi chetu, tukapata "vitabu". Na kifuniko cha gurudumu kinachozuia matope tulikipokea kutoka Kiingereza kama "madigadi", tukadhani "ma-" ni ya wingi, kisha tukaunda umoja "digadi". Kwa maandishi ya leo, basi, "kickshaw" ni umoja na "kickshaws" ni wingi. Katika kitabu cha kabla ya mwaka 1700, hata hivyo, angalia kitenzi na kivumishi kilicho karibu kabla ya kuamua, kwa sababu "kickshaws" moja inaweza kuwa sahani moja.

Kiingereza kina maneno mengi ya vitu visivyo na maana, na utafsiri wako utakuwa mzuri zaidi ukiyatofautisha. "Gewgaw" ni pambo la kung'aa tu, halina uhusiano na chakula. "Trumpery" lilitokana na kitenzi cha Kifaransa cha kudanganya, na bado lina harufu ya ulaghai: kinaonekana cha thamani, kumbe sicho. "Bagatelle" lilitoka Kiitaliano kupitia Kifaransa, na ni jepesi zaidi. Ni jambo dogo lisilostahili kusumbua watu, na limepata hata heshima ya kuwa jina la vipande vifupi vya muziki, ambavyo Beethoven alitunga kadhaa. Lililo jirani zaidi na "kickshaw" ni "trifle", kwani nalo lina mguu mmoja jikoni, ila lilisafiri kinyume: lilianza kama neno la dhihaka na udanganyifu, likawa la kitu kidogo, na ndipo katika karne ya 16 likapewa chakula kitamu cha krimu. "Kickshaw" lilitoka katika sahani likaenda kwenye upuuzi. "Trifle" lilitoka katika upuuzi likaingia kwenye sahani. Tofauti ya matumizi inabaki hata sasa: "trifle" laweza kuwa jambo lolote dogo, hata kosa au kiasi cha fedha, lakini "kickshaw" ni lazima kiwe kitu ambacho mtu amekitengeneza kwa bidii ya kupendeza, na ambacho msemaji anaona bidii hiyo ilipotea bure.

Nikija kwenye sentensi zako mbili, ya kwanza ni ya chakula bila shaka yoyote. Neno letu "mapochopocho" litakujia haraka, kwa sababu linataja vyakula vitamu vya namna nyingi, lakini litakupotosha: kwetu mapochopocho ni sifa, na mtu aliyeletewa mapochopocho hainuki na njaa. Hapa umbo la "kiji-" na "viji-" ni hazina, maana linapunguza kitu kwa ukubwa na kwa heshima kwa pigo moja, na hivyo hufanya kazi ambayo Kiingereza kilihitaji kukopa neno zima ili kuifanya. Ningeandika, "Nililetewa vijisahani vya madoido, nikainuka mezani na njaa yangu." Sentensi ya pili inakubali "vikorokoro" vizuri sana: "Kila rafu ya nyumba yake imejaa vikorokoro." Iwapo jirani huyo anakusanya vitu vya bei kubwa, "vikorokoro" bado inafaa, kwa kuwa mwandishi hazungumzii bei bali anasema havina kazi. "Takataka" ingekuwa imezidi, maana takataka hutupwa, ilhali "kickshaw" huwekwa mahali pa kuonekana. "Vidude" ina ukaribu wa kuvutia na "kitu fulani" cha Kifaransa, maana dude ni kitu ambacho msemaji hakijui jina au hataki kulitaja. Lakini matumizi yake ya mitaani yana maana ya aibu, na katika insha rasmi sipendekezi libebe jukumu hilo.

Linabaki tatizo moja, na kwa maoni yangu ndilo lililo gumu kuliko mengine. Ukiandika "vijisahani vya madoido" huku na "vikorokoro" kule, msomaji wako hatajua kwamba mwandishi ametumia neno lilelile mara mbili katika kurasa chache. Soma insha nzima na ujiulize kama marudio hayo yamekusudiwa. Ikiwa mwandishi anajenga picha ya jirani ambaye meza yake na rafu zake zina ugonjwa mmoja, yaani mapambo yaliyochukua nafasi ya vitu vyenyewe, basi uhusiano huo usiupoteze. Tumia "madoido" mahali pote pawili, kwa kuwa chakula chaweza kuwa na madoido na nyumba yaweza kujaa madoido. Utapoteza ladha kidogo ya "vikorokoro", ila utaokoa hoja ya mwandishi, na hoja ina haki kubwa zaidi. Ikiwa marudio ni ya bahati tu, tumia maneno mawili tofauti bila wasiwasi.

Kuhusu kulitumia wewe mwenyewe: unaweza, kwa tahadhari. Kamusi nyingi za leo zinaliweka katika kundi la maneno ya kale au ya kifasihi, na Mwingereza wa kawaida anaweza kuishi miaka mingi bila kulisikia. Linafaa katika hadithi inayotokea zamani, au katika insha ambayo mwandishi wake anataka kwa makusudi sauti ya wazee. Halifai katika barua ya kikazi, ripoti au maelezo yoyote ambayo msomaji anapaswa kuyaelewa mara moja. Usilitumie kwa mambo yasiyoshikika, kama vile ugomvi mdogo au kipengele kidogo cha sheria. Hata kama Sir Toby aliliita hivyo dansi, msomaji wa leo anatazamia chakula au pambo. Tena usimwambie aliyekualika kwamba "kickshaws" zake zilikuwa nzuri, isipokuwa mnafahamiana vya kutosha na anajua kwamba unamtania, kwani sifa hiyo itamfikia ikiwa tusi. Hutamkwa "kik-shoo", kwa kutia mkazo silabi ya kwanza na kuirefusha "o" ya mwisho.

Katika tafsiri yako ya Kiswahili, kwa upande mwingine, singeliacha neno lenyewe la Kiingereza ndani ya sentensi. Watafsiri wengine hupenda kulibakiza neno gumu kwa heshima ya matini asilia, lakini msomaji wako hatalitambua, na kejeli ya mwandishi, ambayo ndiyo uhai wa sentensi zile mbili, itazimika palepale. Habari za "quelque chose", za Markham na za Milton ziweke katika utangulizi wa kitabu, kwa aya moja, na usisahau kutaja humo mwaka insha zilipoandikwa. Mwandishi aliyelitumia mwaka 1650 alikuwa anasema lugha ya meza za wakati wake, lakini aliyelitumia mwaka 1850 alikuwa tayari analifufua neno la mababu, na katika hali hiyo ya pili hata Kiswahili chako kitapendeza zaidi kikiwa na ukale kidogo.